Wakala wa walezi wa wazee Dar, tuliwatumia kwa mama mwenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu), haya ndo maoni yangu

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za dada mmoja aliyekuja kwetu, siyo za ofisi. Jina la ofisi silitaji, wako wengi wa aina hii mjini na mikataba yao inafanana sana, kwahiyo haya yatakusaidia popote utakapoenda.

Tulichukua mlezi wa mchana, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki, laki tano na nusu kwa mwezi unailipa ofisi, na usajili elfu hamsini hairudi. Wa kulala hapohapo ni laki saba na nusu. Pampasi za watu wazima, glavu, dawa, hivyo ni juu yenu. Mkataba umeorodhesha kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, kutoa dawa kwa wakati, usafi wa chumba cha mzee, basi. Orodha hiyo inamfaa mzee aliyepooza au aliyevunjika nyonga. Mama yetu anakula mwenyewe na anatembea vizuri tu, shida yake ikifika saa kumi na moja jioni anafunga kanga zake kwenye mfuko anataka kwenda kwao Pangani, alafu asubuhi anamwambia jirani kuwa humu ndani wamemwibia hereni. Hiyo haimo kwenye mkataba. Na angalia masaa yenyewe, watu wengi wenye ugonjwa huu wanavurugika zaidi jua linapozama, sasa mlezi anaaga saa kumi na mbili, yani anaondoka shughuli ndo inaanza! Tuliuliza ofisini kama anaweza kuingia saa tano asubuhi atoke saa nne usiku, wakasema shifti ndo hizo.

Dada wa kwanza alikuwa wa Muheza, na huyu kiukweli ndo aliyetufundisha kazi hii ni nini. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, basi siku ya kwanza tu dada kaingia na "shikamoo mwalimu", mama akakaa sawa kwenye kiti. Akaomba madaftari ya zamani ya watoto na kalamu nyekundu, mama akawa anasahihisha asubuhi nzima, anatoa vema na makosa, ametulia. Safari ya Pangani hakuibishia hata siku moja. Anamwambia haya mwalimu twende, ila basi la jioni limeshaondoka, tunywe chai kwanza, alafu niambie Pangani mlikuwa mnakaa upande gani wa mto, na hapo mama anaanza kuhadithia kivuko na minazi ya babu na mfuko unasahaulika pale mlangoni. Hereni nazo hakusema "hakuna aliyeiba", alisema tuzitafute wote, wakapekua chumba kizima zikapatikana kwenye kopo la mchele, na tangu hapo akajua mama anaficha wapi vitu. Siku nyingine mama anamwita shangazi, anaitika abee.

Kuogesha ndo kulikuwa kunatutoa jasho, mama anapiga kelele mtaa mzima unasikia. Kumbe ni maji kumwagwa kichwani ghafla yanamtisha. Dada akawa anaanza na miguu, maji ya uvuguvugu, kanga haitoki mwilini mpaka mwisho, na anamwambia kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Kelele zikapungua sana.

Alafu alikuwa na daftari lake. Kalala saa ngapi, kala nini, choo, kakasirika muda gani na kabla ya hapo kulitokea nini. Kuna wiki mama alibadilika ghafla, ndani ya siku mbili hivi akawa anaona watu ukutani na mchana analala tu, sisi tukasema ndo ugonjwa umepanda huo. Dada akasema hapana, dimenshia kwa kawaida haipandi kwa siku mbili, tena daftari linaonyesha anakwenda haja ndogo kidogokidogo na anashika tumbo, mpelekeni akapimwe mkojo. Ilikuwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Akapewa antibayotiki na siku chache baadaye akarudi kwenye hali yake ya kawaida. Hata kliniki Muhimbili daktari alilisoma lile daftari kuliko alivyotusikiliza sisi.

Na majirani pia kazi yake! Mama akitoka usiku kuongea peke yake uani maneno yanaanza, na nchi hii tunaijua, kule Usukumani bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu ambayo ni moshi wa jikoni. Dada alikuwa anapita anasalimia, anawaambia mama ni mgonjwa wa ubongo, haambukizi na halogi mtu, mkimwona barabarani mshikeni mkono mtupigie.

Sasa ofisi ikamhamisha. Sera yao walezi wanazungushwa kila baada ya miezi mitatu "wasizoeane na mteja", na hili ndo lililowaangusha kwangu. Kwa mtu asiyeweza tena kuhifadhi sura mpya unamletea sura mpya kila robo mwaka kwa makusudi kabisa? Wa pili aliyekuja ni binti mdogo, mpole, ila kutwa kumtahini mama, mimi nani, leo siku gani, mbona nilishakwambia, mama anaona aibu alafu anakuwa mkali. Tukamkuta siku moja amemfungia chumbani kwa nje kaenda dukani. Tulipopiga ofisini walichotujibu ni kwamba usalama wa mzee umezingatiwa kwasababu hakuweza kutoka. Nikakata simu.

Wa tatu ni nesi kabisa, bei juu kidogo, huyu kwa presha na dozi na kukagua ngozi isianze vidonda yuko vizuri mno, na alitukataza kumpa mama vidonge vya kumtuliza alale tulivyoshauriwa na mtu wa duka la dawa, na sahihi kabisa maana dawa nyingi za kutuliza wagonjwa wa akili zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Ila maongezi hana. Kwahiyo yale ya dada wa Muheza yamerudi kwetu, mjukuu anamwekea bibi taarab za Black Star na Lucky Star za Tanga kwenye simu, na yeye ambaye jina langu linampotea anaimba beti zote. Kaka yuko Mwanza anatuma hela anahisi kamaliza, alikuja Idd akakaa naye usiku mmoja, siku hizi anapiga simu kila jioni. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema ndugu wanaolea mgonjwa wa dimenshia wanatumia wastani wa masaa matano kwa siku, na asilimia 70 ya masaa ya ulezi huu wanabeba wanawake, na kwetu naona asilimia hiyo imezidi.

Jambo jingine, katika ile laki tano na nusu dada alikuwa anapata laki mbili na ishirini. Ofisi wanajisifu walezi wamefundishwa dimenshia, mafunzo yenyewe dada alisema ni asubuhi moja na mengine kajifunza kwa kumuuguza bibi yake. WHO wana mafunzo ya bure mtandaoni yanaitwa iSupport, yana masomo 23, kuna mada nzima ya mlezi kujitunza yeye mwenyewe, kwahiyo hata kisingizio cha gharama hawana.

Kama utaenda kwenye ofisi za hivi, andikisha kwenye mkataba kwamba mlezi habadilishwi bila nyie kukubali, ombeni masaa ya jioni, na kwenye usaili muulize mlezi swali moja tu: mama akisema anataka kwenda kwao utamjibu nini? Akisema "nitamwambia hapa ndo kwake" omba mwingine. Na soma ukurasa wa mwisho kabla hujasaini, ukiwaacha wanataka notisi ya mwezi mzima, na ukimwajiri mlezi wao moja kwa moja kuna faini ya mishahara miwili. Sisi tunaijadili hiyo faini na dada sasa hivi.