Gari la safari ndefu kwa mtu wa Lubumbashi: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Mtu akiniomba shauri la gari la safari, namuuliza kwanza anakwenda wapi na mwezi gani. Lubumbashi hadi Kolwezi kupitia Likasi ni kama kilomita 300 za lami, na hata gari dogo linafika. Lakini yule anayepeleka familia Bunkeya tarehe 20 Desemba, siku Wayeke wanapomkumbuka mfalme Msiri, anaingia barabara ya udongo wakati mvua zimekolea. Ni vivyo hivyo kwa anayeelekea Mitwaba na Manono, au anayetaka kuwaonyesha watoto maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu. Gari linunuliwe kwa ajili ya kipande kibaya kuliko vyote utakachopita walau mara mbili kwa mwaka. Kama kipande hicho hakipo, usijibebeshe jeep na mafuta yake.

Familia nyingi za hapa kwetu zinakwenda Kolwezi mara kwa mara na kijijini mara chache. Kwao naiweka ya kwanza Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 120, iliyotoka kati ya 2002 na 2009. Nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na ukinasa kwenye tope kuna kufuli la katikati linalogawa nguvu mbele na nyuma. Abiria wote wanaangalia mbele na kila mmoja ana mkanda wake. Usisikilize sana maneno ya muuzaji, soma kibati cha chasi. TRJ120 ni injini ya esansi (petroli) ya lita 2.7, KDJ120 ni ya mazutu (dizeli) ya lita 3.0, GRJ120 ni silinda sita za lita 4.0.

Mimi nachagua TRJ. Wengi watanipinga kwa kuwa mazutu hula kidogo, na hilo ni kweli. Ila injini ya KDJ inarusha mazutu kwa shinikizo kubwa mno kupitia vitundu vidogo sana, na mazutu ya kwenye bidoni (madumu), yale ya kununua kando ya njia yakiwa na maji na mchanga, yanaviharibu. Hapo faida uliyoipata kwa miaka miwili inaishia garajini siku moja. Tena KDJ ina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kwa wakati, TRJ ina cheni. Hesabu lita 13 hivi kwa kila kilomita 100 na ujipange. GRJ inakunywa zaidi, na kwa njia zetu zilizojaa malori nguvu ile huipati pa kuitumia.

Ya pili ni Land Cruiser 78, ile ndefu ya misheni. Kama ningekuwa namwandikia padri wa Mitwaba, ningeiweka ya kwanza bila kufikiri. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta ya kusumbua, na fundi wa kijijini mwenye spana na akili timamu anaweza kuifungua chini ya mwembe. Nyingi zina matangi mawili ya lita 90 kila moja, kwa hiyo unajaza mazutu safi mjini na kufanya zaidi ya kilomita 1,000 bila kutafuta bidoni. Naishusha kwa sababu ya watoto. Nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana, watu wanakaa ubavu, mara nyingi bila mikanda, na ikiwa haina mzigo inarukaruka hadi tumbo linageuka. Kwa mzigo na pori, nunua. Kwa familia ya lami, hapana.

Ya tatu itawashangaza wanaopenda magari ya juu: Corolla Fielder. Kwa Likasi na Kolwezi inatosha kabisa. Inakula lita 7 au 8 kwa kilomita 100, na vipuri vyake havikuhangaishi hapa mjini. Chukua ile ya 2000 hadi 2006, yenye gia za kawaida au otomatiki ya zamani ya gia nne, kwa kuwa nyingi za baadaye zina otomatiki ya CVT, isiyo na gia za kuhesabika, ambayo ikiharibika si kila fundi anaiweza. Fungisha bamba la chuma chini ya injini, maana gari lenyewe liko chini.

Sasa niseme ninaloliona kubwa kuliko cheo cha gari lolote: usukani. Kongo tunapita kulia. Magari mengi ya Katanga yametoka Japani kupitia Dar es Salaam, na usukani wake uko kulia pia, kwa hiyo dereva haoni mbele anapotaka kulipita lori. Nilikuwa nalo la namna hiyo. Siku moja natoka Kolwezi, mbele yangu lori la tangi la asidi, mdogo wangu amekaa kushoto, yeye ndiye macho yangu. Akasema, "Ingia, yaya, njia nyeupe." Nikaingia. Lori jingine likachomoza juu ya kilima. Nilikanyaga breki na kurudi nyuma ya tangi kwa nafasi ya kiganja. Mdogo wangu hakusema tena neno hadi Likasi, na tangu siku ile sinunui usukani wa kulia kwa njia hiyo. Prado nyingi za kutoka Dubai zina usukani wa kushoto, na nyingi ni TRJ. Zitafute hizo.

Taa nazo zina shida yake. Taa za gari la Japani zimekatwa ili mwanga unyanyuke upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara yao. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako, na unampofusha usiku kucha. Kuzishusha hakubadilishi umbo la mwanga, inabidi kufunga taa za nchi zinazopita kulia.

Kama safari zako nyingi zinavuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenda Kitwe na Ndola, au hadi Dar, karibu kilomita 2,000, hesabu inageuka: kule wanapita kushoto, na usukani wa kulia ndio wako. Kwa safari hiyo chukua bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inakubaliwa Zambia na Tanzania.

Nyuma kabisa naweka Noah ya 2001 hadi 2007 na RAV4 ya 2005 kuendelea yenye injini ya lita 2.4. Noah ina nafasi nzuri, lakini injini yake ya D-4, inayorusha esansi moja kwa moja ndani ya silinda, haivumilii esansi chafu. Ile RAV4 inajulikana kwa mafundi kwa kula oili, kwa hiyo ukishakuwa nayo chomoa kijiti cha oili kila unaposimama.

Usimalize pesa yote kwenye gari. Bakiza sehemu ya tano kwa matairi, shokapu, oili na mikanda. Tairi angalia tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka sita, hata likiwa na meno mapya, mimi sisafiri nalo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwende Likasi na kurudi, kama kilomita 240, fundi wako akiwa ndani na mafuta ukilipa wewe. Mkifika, acheni injini iungurume dakika kumi, mtazame chini kama kuna kinachodondoka. Kesho yake rudi asubuhi mapema, injini ikiwa baridi, na usimame nyuma ya bomba wakati anawasha: moshi wa buluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma ni maji yanaingia. Akikataa safari ya Likasi, rudi nyumbani na pesa yako.