SQLite: injini imara, mipangilio ya tangu enzi

Hakuna hifadhidata iliyosambaa kuliko SQLite, na wengi wanaoitumia hawajui kwamba wanaitumia. Imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Firefox huweka historia na alamisho kwenye faili liitwalo places.sqlite, na faili la History la Chrome nalo ni SQLite tupu. Cha ajabu, wanaoidharau ni waandishi wa programu wenyewe: utasikia kwamba ni ya majaribio tu, kazi ikiwa kazi kweli uhamie PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa na seva. Dharau hiyo haina haki, ila ina chanzo. SQLite ikiachwa kama inavyokuja kutoka kwenye kasha, inafanya mambo ya kukatisha tamaa, na watu wengi huihukumu kabla ya kugusa mpangilio hata mmoja.

D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 alipokuwa kwenye kazi ya programu ya manowari ya Marekani. Alichotaka ni hifadhidata isiyotegemea seva, maana seva ikilala, programu nzima inalala nayo. Matokeo yake ni maktaba ya lugha ya C ambayo msimbo wake wote unaweza kuupata katika faili moja, sqlite3.c, lenye mistari zaidi ya 200,000 ukijumlisha na maelezo. Unalikompaili pamoja na programu yako, basi. Hakuna nywila, hakuna huduma ya kuwasha, na data yote inakaa kwenye faili moja unaloweza kulibeba kwenye flashi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeliweka umbo la faili hilo miongoni mwa yale inayoyapendekeza kwa kuhifadhi data.

Ni programu huria ya aina yake. Msimbo ni mali ya umma, hauna hata leseni, lakini ukituma marekebisho yako usitegemee yapokelewe. Timu ni ndogo na imefunga mlango huo kwa makusudi. Hata TH3, mkusanyiko wao mkubwa wa majaribio, si huria. Anayeamini kwamba uhuria ni lazima uwe na mamia ya wachangiaji hatapendezwa. Binafsi naona utaratibu huo umeilinda, kwani ni programu chache mno zinazojaribiwa kwa kiwango chake, na wenyewe wametangaza nia ya kuitunza hadi mwaka 2050.

Sasa mipangilio. SQLite inathamini mno programu za zamani ziendelee kufanya kazi, kwa hiyo haibadilishi chaguo-msingi zake hata pale njia bora inapopatikana. Njia bora zipo, ila ni wewe wa kuziwasha. Kila programu inayoandika data mara kwa mara ingefaa ifungue muunganisho kwa mistari hii minne (PRAGMA ni amri ya SQLite ya kuweka mpangilio):

PRAGMA journal_mode = WAL;
PRAGMA busy_timeout = 5000;
PRAGMA synchronous = NORMAL;
PRAGMA foreign_keys = ON;

Wa kwanza ndio wenye uzito. Kwa utaratibu wa kawaida, SQLite inapotaka kubadilisha kurasa za faili, huhifadhi kwanza kurasa za zamani kwenye jarida la pembeni, kisha hufunga faili zima wakati wa kuandika. Wasomaji wanangoja mwandishi, na mwandishi anawangoja wasomaji. WAL (write-ahead log, yaani jarida linaloandikwa kwanza), iliyoingia na toleo 3.7.0 mwaka 2010, inageuza kibao: mabadiliko mapya huandikwa kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa -wal, wasomaji wakaendelea kuona hali ya kabla, na baadaye mabadiliko hayo huhamishiwa kwenye faili kuu. Kusoma na kuandika vinakwenda sambamba. Mwandishi bado ni mmoja tu kwa wakati mmoja, hilo halibadiliki.

Mstari wa pili ndio dawa ya ujumbe unaojulikana kuliko wote, "database is locked". Chaguo-msingi cha muda wa kusubiri kufuli, yaani zamu ya kuandika inayoshikwa na mwingine, ni sifuri: akitokea mwandishi mwingine kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, unarudishiwa kosa papo hapo. Ukiweka 5000, injini itasubiri hadi sekunde 5 kabla ya kukata tamaa. Moduli ya sqlite3 ya Python imekuwekea sekunde 5 tayari, lakini lugha nyingine hazikuhakikishii hilo, angalia. Mstari wa tatu unapunguza idadi ya mara diski inapolazimishwa kuandika. Ukiwa kwenye WAL faili haliharibiki, ila umeme ukikatika ghafla unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa (muamala ni kundi la mabadiliko yanayopita yote kwa pamoja au yasipite kabisa). Kwa mfumo wa malipo ubaki na FULL badala ya NORMAL. Wa nne unawasha funguo za kigeni, yaani safu zinazoelekeza kwenye mistari ya jedwali jingine, ambazo vinginevyo husomwa kwenye maelezo ya jedwali na kupuuzwa kimyakimya. WAL hukumbukwa ndani ya faili lenyewe. Mitatu iliyobaki husahaulika kila muunganisho unapofungwa, kwa hiyo iweke pale programu inapofungulia muunganisho, si kwenye hati ya kuunda majedwali.

Hata baada ya hayo yote, kuna watu bado wanalalamika kwamba kufuli linawatoa hata sekunde 5 hazijapita. Kisa ni namna muamala unavyofunguliwa. Ukiandika BEGIN peke yake, muamala huanza kama wa kusoma. Ukisoma salio, kisha ukataka kuliandika upya, na katikati yake mwingine ameshaandika, picha uliyonayo imepitwa na wakati. Kusubiri hakutaisahihisha, kwa hivyo SQLite inakukatalia hapo hapo na busy_timeout haihusiki. Muamala wowote unaojua utaandika uanze na BEGIN IMMEDIATE, uchukue nafasi ya mwandishi tangu mwanzo. Maktaba nyingi za msimbo zinazosimama kati ya programu yako na SQLite hutuma BEGIN ya kawaida bila kukuuliza, na hapo ndipo lawama zinapoiangukia SQLite bure.

Kwenye aina za data siko upande wake. Safu uliyoiita INTEGER itapokea neno "kumi" bila kunung'unika, na VARCHAR(10) itameza herufi elfu moja. Wenyewe huuita ulegevu huo unyumbufu. Mimi naona ni mlango wa data chafu, hasa programu mbili za lugha tofauti zinapoandika kwenye faili moja. Tangu toleo 3.37.0 la 2021 unaweza kuongeza neno STRICT baada ya mabano ya mwisho ya CREATE TABLE, na aina zikaheshimiwa. Tahadhari ni kwamba toleo la zamani kuliko hilo likifungua faili lenye jedwali la namna hiyo litadai muundo umeharibika. Halafu ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila mstari, ukiwa si INTEGER PRIMARY KEY unakubali NULL (thamani tupu) kwenye jedwali la kawaida. Ni dosari ya zamani iliyoachwa ilivyo, kwa hiyo andika NOT NULL mwenyewe. Aina ya tarehe haipo kabisa. Weka maandishi ya mtindo wa 2024-03-09 14:05:00, yatapangika vizuri, na ukumbuke datetime('now') hutoa saa za UTC.

Kubadilisha muundo wa jedwali kumekuwa rahisi kiasi: kubadili jina la safu kulikuja na 3.25.0, kufuta safu na 3.35.0. Kubadili aina ya safu bado kunadai uunde jedwali jipya, unakili data, ufute la zamani, kisha ulipatie jipya jina la zamani. Hapo pana shimo baya. Funguo za kigeni zikiwa zimewashwa, DROP TABLE hufuta kwanza mistari yote ya jedwali hilo, na kama majedwali mengine yanalielekea kwa ON DELETE CASCADE, mistari yao nayo inakwenda. Zima foreign_keys kabla ya BEGIN, maana ndani ya muamala amri hiyo haifanyi chochote wala haikuambii kwamba haikufanya. Ukimaliza kazi, na kabla ya COMMIT inayokamilisha muamala, endesha PRAGMA foreign_key_check.

Nakala rudufu ndiko watu wanakoumia zaidi, kwa sababu faili moja linashawishi kutumia cp, amri ya kawaida ya kunakili faili. Programu ikiwa inaendelea kuandika, cp inaweza kushika nusu ya muamala. Na kwenye WAL, data ya karibuni huenda bado iko kwenye faili la -wal ambalo hukulinakili. Tumia amri hii:

sqlite3 duka.db "VACUUM INTO 'duka-nakala.db'"

Inafanya kazi hata kama wengine wanaandika, na nakala inatoka ikiwa imebanwa vizuri. Ipime kwa PRAGMA integrity_check, ila usidhani kipimo hicho kinagusa funguo za kigeni. Hizo zina kipimo chao nilichokitaja hapo juu. Na usishangae faili kutopungua baada ya kufuta mistari laki moja. Kurasa zilizo wazi huwekwa akiba kwa matumizi ya baadaye hadi utakapoendesha VACUUM, nayo inaweza kuhitaji nafasi ya diski hadi mara mbili ya faili lenyewe.

Kasi haina mengi ya kusema. Anayedai SQLite ni nzito kuingiza data kwa kawaida anaingiza mstari mmojammoja, kila mmoja ukiwa muamala wake na diski ikilazimishwa kila mara. Zungushia mistari elfu kadhaa ndani ya BEGIN na COMMIT moja, hoja itaisha. Kwa maswali yanayojikokota, tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN: ukiona SCAN kwenye jedwali kubwa, inasoma kila mstari, SEARCH maana yake imepata faharasa, orodha iliyopangwa ya kufikia mistari bila kuisoma yote. Safu zenye ufunguo wa kigeni haziwekewi faharasa zenyewe. Amri .expert kwenye ganda la sqlite3, programu ya kuandikia amri zake, hukupendekezea faharasa ya kuunda, na mapendekezo yake si mabaya hata kidogo.

Usiiweke kwenye diski ya mtandao. WAL inahitaji michakato yote ishiriki kumbukumbu ya mashine moja, na kufuli za NFS, mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao, zina sifa mbaya. Kama seva zako za programu ni mbili au zaidi na zote lazima ziandike, hapo PostgreSQL ndiyo jibu na hakuna mpangilio wa kukwepa. Vivyo hivyo kama una miamala mirefu ya kuandika inayoshikana foleni, au unataka haki tofauti kwa watumiaji tofauti, kwani SQLite haina watumiaji. Mwenye ruhusa ya faili ana kila kitu. Na kwenye mashine hiyo hiyo moja, chunga msomaji asiyefunga muamala wake: maadamu yuko wazi, faili la -wal haliwezi kuanza upya toka mwanzo, litaendelea kunenepa. Ukikuta -wal imeizidi hifadhidata yenyewe, tafuta swali lililoachwa nusu ndani ya msimbo kabla hujaanza kuilaumu injini.