Karakana ya kukata vito Mtwara Mjini: mchoro wa ganeti kwenye jiwe la amethisti

Nilipeleka amethisti ghafi ya gramu 3.2, yaani karati 16, kwenye karakana moja ya kukata vito hapa Mtwara Mjini, pamoja na mchoro wa umbo la pembe sita ambao nilikuwa nimeutamani kwa muda mrefu. Mchoro huo ulikokotolewa kwa ajili ya ganeti, aina nyingine ya kito, nami nilidhani kwamba nyuzi za pembe zinazofaa jiwe moja zinafaa mawe yote.

Fundi aliusoma mstari kwa mstari, kisha akaweka kidole kwenye nyuzi 39 za nyuso za chini, yaani pande bapa zinazokatwa upande wa chini wa jiwe. "Kaka, hapa mwanga utapita moja kwa moja. Jiwe litakuwa na dirisha." Alinieleza kuwa ganeti hupinda mwanga zaidi, hivyo huweza kuurudisha juu kuanzia takriban nyuzi 35, ilhali amethisti, ambayo ni aina ya kwatzi, inataka zaidi ya nyuzi 40 na nusu. Akapandisha hadi 43 na kukokotoa upya nyuso zote zinazokutana hapo. Hesabu hiyo ndiyo hasa ninayoona niliilipia shilingi 60,000, maana fundi mwingine niliyempa kazi mwaka jana aliufuata mchoro bila kuuliza neno, akanirudishia jiwe linalong'aa pembeni huku katikati likiwa tupu.

Kabla ya kuligandisha kwa nta kwenye kijiti, alilizungusha ndani ya maji kutafuta palipokolea zambarau, akapaelekeza kwenye ncha ya chini ili rangi isambae jiwe zima. Ni hatua ndogo, lakini ndiyo iliyoniokolea jiwe.

Nilipokea karati 4.1. Upungufu huo ni wa kawaida kwa jiwe ghafi lililopinda. Nililiweka juu ya gazeti, na hakuna herufi hata moja iliyoonekana kupitia kwake, yaani halina dirisha.

Aliahidi siku nne, nikasubiri tisa bila taarifa yoyote, jambo ambalo anapaswa kulirekebisha. Tena, kwa lenzi ya kukuza mara 10, nyuso mbili za juu hazikutani sawasawa kwenye ncha moja. Alinionyesha kasoro hiyo mwenyewe kabla sijaiona, akajitolea kulirudisha jiwe kwenye sahani ya kusagia bila malipo. Nilikataa, kwa kuwa kila mguso wa sahani hula uzito.