Uzoefu wangu na kozi ya matangazo ya ofa za watu wazima: wiki 6, dola 97, na picha iliyojishinda yenyewe

Naanza na alama ili asiye na muda aende zake: nyota 3 kati ya 5. Wiki ya nne peke yake ningeipa 5. Wiki mbili za kwanza zingekuwa zinauzwa kivyake, ningedai pesa zangu mchana kweupe.

Jina la kozi siliweki hapa. Nina malalamiko nayo, na sina nguvu za kujibizana na mtu. Aliyeisoma ataitambua tu.

Mimi niko Free Area, Nakuru, bedsita ya ghorofa ya tatu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nakula kwa kuandikia wateja wa ng'ambo, mpaka kazi ikakauka. Jamaa niliyekuwa nagawana naye kazi ndiye aliyenieleza habari za ofa. Kwa asiyejua: mwenye tovuti ya kutafuta wapenzi anataka watu wajisajili, naye yuko tayari kulipa kwa kila kichwa. Wewe huna tovuti wala bidhaa. Unanunua nafasi za matangazo kwa bei ya chini, unawapeleka watu kwake, na tofauti ni yako. Au hasara ni yako.

Zinaitwa za watu wazima kwa sababu ndani yake mna tovuti za kukutana, kamera za moja kwa moja, michezo ya 18+, na vidonge vya kuongeza nguvu. Google na Meta huzikataa nyingi ya hizi au huzibana sana, kwa hiyo matangazo yake hununuliwa kwingine, kwenye mitandao kama ExoClick ya Barcelona au TrafficJunky, inayouza nafasi kwenye tovuti kubwa za ngono. Ni mnada. Unaweka dau lako kwa kila maonyesho 1,000 (yaani tangazo kuonekana mara 1,000), na unashindana na watu usiowaona. Nilichagua tovuti za kukutana tu. Vidonge niliviruka kabisa, maana sijui kilicho ndani na sitaki mtu aumie kwa tangazo langu.

Malipo nayo ni ya ngazi. Kuna ofa inayolipa mtu akijaza barua pepe tu. Kuna inayosubiri afungue barua ile na kuthibitisha. Kuna isiyotoa senti mpaka atoe kadi alipe. Kadiri mtu anavyosumbuliwa zaidi, ndivyo malipo yanavyopanda na wanaofika mwisho wanavyopungua. Haya kozi iliyaeleza vizuri, kwa dakika 12, na ndiyo dakika 12 pekee za wiki ya kwanza nilizoandika kwenye daftari.

Zilizobaki ni mwalimu akionyesha vitufe. Video zilirekodiwa zamani. Menyu anayobofya haiko tena, na rangi za ukurasa zimebadilika. Unakaa unasimamisha video, unatafuta kitufe, hukioni, unaendelea. Na bando linakwenda. Mwishowe nikawa nashuka mjini kupakua kwa Wi-Fi ya rafiki mwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na stendi ya matatu. Alikuwa akinitazama kwa jicho la upande kila kichwa cha video kilipotokea kwenye skrini mbele ya wateja wake. Nilijifunza kubadilisha majina ya faili kabla ya kufika.

Wiki ya tatu ilinifundisha traka, na ndipo nilipokula hasara ya kwanza. Traka ni programu iliyo kama daftari la dukani. Kila anayebofya tangazo hupewa namba. Namba hiyo anakwenda nayo mpaka kwenye ofa, na akijisajili, kompyuta ya mwenye ofa hurudisha namba ile kwenye traka ikiwa na kiasi ulichopata. Safari hiyo ya kurudi ndiyo postbeki. Bila hiyo, unajua umeuza lakini hujui uliuza kwa nani wala wapi.

Sasa mtandao wangu wa ofa, ule unaoniunganisha na wenye ofa, ulitaka namba hiyo iitwe clickid. Mimi niliandika click_id. Kistari kimoja cha chini. Kwa siku tatu traka ilinionyesha sifuri, nami nikawa nafunga zoni (nafasi moja moja za matangazo kwenye tovuti) moja baada ya nyingine, nikijiona mtu wa nidhamu. Usiku wa nne, stima ilikuwa imerudi baada ya kupotea jioni nzima, nikaingia kwenye akaunti ya ofa kwa simu. Nikakuta watu 11 wamejisajili. Kumi na moja! Na zoni zilizowaleta nilikuwa nimeshazifunga, hata sikuwa na namna ya kujua ni zipi. Dola 38 zilikwenda hivyo.

Lawama nyingi ni zangu. Lakini mtandao ule una kitufe cha kutuma postbeki ya majaribio kabla hujatumia hata senti, na kwenye video zote za wiki ya tatu mwalimu hakukitaja. Nilipouliza kwenye simu ya darasa ya Jumamosi (saa tano usiku kwetu, mchana kwingineko), alijibu, "Oh, hilo kila mtu anajua."

Hapo nilikaribia kuacha. Nashukuru sikuacha, kwa sababu wiki ya nne ndiyo iliyoipa kozi thamani yake.

Somo lilikuwa moja: utajuaje kwamba zoni imekufa? Mwanzoni nilikuwa nafunga kwa hasira. Nimetumia dola mbili, hakuna kitu, funga. Mwalimu akaleta kanuni ambayo watu wa kazi hii huisema kama methali: usifunge mpaka utumie mara tatu ya malipo. Nilikuwa nimeisikia. Ambacho hakuna aliyekuwa amenionyesha ni kwa nini iwe tatu.

Chukua ofa niliyokuwa nayo, ya Afrika Kusini, inalipa dola 1.60 kwa kila anayejisajili. Dau langu lilikuwa dola 0.80 kwa maonyesho 1,000. Ili nisipate wala nisipoteze, nahitaji mtu mmoja katika kila maonyesho 2,000. Mara tatu ya malipo ni dola 4.80, yaani maonyesho 6,000. Zoni ambayo kweli inarudisha pesa yake ingeniletea, kwa wastani, watu watatu katika 6,000 hizo. Uwezekano wa iliyotarajiwa kuleta watatu isilete hata mmoja ni kama asilimia 5. Kwa hiyo nikiifunga hapo, nitakuwa nimeionea mara 1 kati ya 20. Nikiifunga baada ya dola 1.60 tu, kama nilivyokuwa nafanya, naionea mara 37 kati ya 100.

Nilirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kalamu. Halafu nikafungua orodha ya zoni nilizozifunga tangu nianze. Karibu zote nilizifunga kabla ya dola mbili.

Mama yangu anauza viazi na karoti sokoni Wakulima. Nilipomweleza jambo hili, nikificha ofa yenyewe, hakushangaa hata kidogo. Alisema mwaka aliohama meza yake kwa sababu ya wiki moja mbaya, aliyeichukua meza ile anaiuzia mpaka leo.

"Na hiyo kazi yako ya usiku ni ya nini hasa, mwanangu?"

"Matangazo, Mama."

"Ya kuuza nini?"

"Ya watu kutafuta wachumba."

"Aa. Kama wale wa redio."

Nikasema ndiyo, kama wale wa redio. Tuliachia hapo.

Zoezi la mwisho la wiki hiyo ndilo ninalowasimulia watu wote. Mwalimu alisema: chukua picha moja, ipakie mara mbili kwa majina mawili, uipe kila moja maonyesho sawa, kisha uone ipi itashinda. Niliona ni upuuzi na kunichomea pesa. Nikaifanya kwa shingo upande. Maonyesho 10,000 kwa kila jina, dola 8 huku, dola 8 kule. Picha yenyewe ilikuwa ya mwanamke ameketi mkahawani na kikombe, nguo zake zote mwilini, niliyoilipia leseni.

Jina la kwanza lilileta watu 9, dola 14.40. La pili watu 4, dola 6.40. Picha ile ile, kikombe kile kile. Moja imenipa faida ya dola 6.40, nyingine imenitia hasara ya dola 1.60.

Nilimwonyesha yule jamaa yangu matokeo bila kumwambia siri. Kabla hajamaliza chai alikuwa na maelezo: hii ya kwanza rangi zake ni za joto, hii nyingine macho hayakuangalii. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia, akaangalia, akaniuliza kama ni pacha. Ukirusha shilingi mara 13, mgawanyo wa 9 kwa 4, au wenye pengo kubwa zaidi ya hapo, hutokea karibu mara 1 kati ya 4. Bahati tupu. Nikafikiria picha nilizozitupa kwa sababu zilipata 3 wakati nyingine imepata 6, nikakaa kimya.

Tangu siku hiyo nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikijaribu picha, zoni na aina ya simu hazibadiliki. Nikijaribu Android peke yake, picha haibadiliki. Na kila mtu anaonyeshwa tangazo mara 1 kwa saa 24, maana anayeliona mara tano siku moja hajisajili mara tano. Afrika Kusini inanifaa pia kwa sababu tofauti yetu ni saa moja tu. Mwalimu alikuwa anasukuma Marekani, ambako jioni ya pwani ya mashariki ni alfajiri kwetu na madau ni ya wenye nazo. Kwa mfuko wa Free Area, hapana.

Wiki ya tano iliniudhi. Ilihusu ukurasa wa kati, ule mtu anaouona kabla ya ofa yenyewe. Mifano yake ilikuwa uongo mtupu: "Una ujumbe 3 kutoka kwa mtu aliye kilomita 2 kutoka kwako." Hakuna ujumbe, hakuna mtu. Kuna na saa ya kuhesabu sekunde isiyomaliza chochote. Mwalimu alisema wote wanafanya. Huenda. Mimi nimeandika ukurasa wenye maswali matatu: una zaidi ya miaka 18, unatafuta nini, uko tayari kujaza barua pepe. Unaonekana kuleta wachache kuliko ule wa uongo, ingawa nilijaribu kwa dola 4 tu, lakini waliojisajili kwangu hawakataliwi sana na mwenye ofa. Hilo la kukataliwa kozi ililigusia kwa sentensi moja. Mwenye ofa anaweza kupitia orodha yako na kuondoa anaowaona hawana maana. Mwezi wa kwanza niliondolewa 14, bila maelezo.

Alishauri pia tuchukue picha zozote za wasichana mtandaoni, "hakuna anayefuatilia". Hapa nilimwandikia waziwazi kwamba huo si ushauri wa kumpa mtu. Yule aliye kwenye picha hajakubali kuuza chochote, na kama ni mtoto, hatuongei tena habari za matangazo. Hakujibu. Na kuhusu sheria za nchi za wanafunzi wake hakusema neno. Hapa Kenya Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 181 kuhusu uchapishaji wa mambo machafu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa anayekusanya barua pepe za watu. Ndiyo maana picha zangu zimevaa nguo na ukurasa wangu haukusanyi chochote.

Wiki ya sita ni ya kupanua kampeni: ongeza bajeti kwa zoni zilizofaulu, polepole. Imekwisha.

Hesabu zangu, bila kupamba. Mwezi wa kwanza nilitumia dola 180, nikapata 96. Wa pili nilitumia 232, nikapata 275. Jumla nimetoa 412 na kuvuna 371, kwa hiyo niko chini kwa 41, na bado sijagusa zile 97 za kozi. Traka natumia ile ya bure. Matangazo nalipia kwa kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, iliyoanza 2022, na ushauri wangu ni uweke kiasi cha kampeni hiyo tu. Malipo ya ofa huja siku 30 baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo usiingie na pesa ya kodi ya nyumba. Niliingia nayo. Kwa caretaker wetu nilikuwa napita nikiwa na simu sikioni, naongea na hakuna mtu.

Mwezi huu wa tatu nina zoni 7 zilizo hai, na faida ni ndogo lakini iko. Wiki iliyopita kozi imenitumia tangazo la ngazi ya juu, dola 297, na saa ya kuhesabu sekunde chini yake. Nimepiga hesabu: ni zoni 61 za dola 4.80 kila moja, na chenji inabaki. Nimezianza 3 za kwanza jana usiku.