Siku tatu kwenye kombe la Ulaya la vilabu, magongo ya ukumbini: uzoefu wangu

Nilianza kucheza mpira wa magongo kidato cha kwanza, Mombasa, kwenye uwanja wa murram. Ukianguka, ngozi ya goti unaiacha pale pale. Huko nilijifunza kwamba magongo ni kupiga: unainua gongo, unapiga mpira kwa nguvu zako zote, na beki wa upande wa pili ajitafutie mwenyewe. Sasa naishi Ujerumani, mwanangu wa miaka kumi na mmoja anacheza huku, na kila baridi ikiingia klabu yake huhamia ndani ya ukumbi. Ukumbini kupiga ni marufuku. Mpira unasukumwa tu. Na huruhusiwi kuuinua kutoka sakafuni isipokuwa unafunga goli, nawe uko ndani ya D, yaani lile eneo la nusu duara mbele ya goli. Miaka miwili nilimpeleka mazoezini nikiamini kwamba huu ni mchezo wa kupitishia baridi.

Februari hii nikakata tiketi mbili za siku tatu, tukapanda treni ya saa nne kwenda kutazama kombe la Ulaya la vilabu vya wanaume. Tiketi zote mbili zilinigharimu pungufu ya chakula cha jioni cha watu wawili hotelini. Vilabu vilikuwa vinane, makundi mawili ya vinne vinne, Ijumaa asubuhi hadi Jumapili jioni. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlio Ulaya ambao hamjawahi kuingia ukumbini kutazama mchezo huu. Mimi nilikuwa nimekosea kabisa.

Jambo la kwanza ni viti. Msikae juu. Uwanja wenyewe ni mdogo, urefu hauzidi mita 44 na upana mita 22, goli ni mita 3 kwa mita 2, na kila upande una wachezaji sita pamoja na kipa. Ukikaa juu unaona watu wanakimbizana tu. Sisi tulipata safu ya pili, karibu na kona, hatua chache kutoka kwenye mbao za pembeni. Mbao hizo zina kimo cha sentimita 10 hivi na zimepangwa urefu wote wa uwanja pande mbili. Mchezaji aliyebanwa hampi mwenzake mpira moja kwa moja. Anausukuma kwenye ubao, ko!, unarudi kwa pembe aliyoitaka yeye, na beki tayari ameshapitwa. Siku ya kwanza sikuweza kuufuata mpira kwa macho. Siku ya pili nikaanza kuusikiliza, na hapo ndipo mchezo uliponifungukia. Ko mbili za haraka maana yake mtu amemponyoka beki.

Mwanangu ndiye aliyenionyesha mikono. "Baba, tazama mkono wake wa kushoto." Beki mmoja alikuwa ametoka kupumzika, amekaa kwenye benchi mbele yetu kabisa. Ukumbini beki analaza gongo lote sakafuni, goti karibu liguse chini, ili mpira usipite, na mkono wa kushoto ulioshika juu ya gongo unaburutika naye. Wote huvaa glavu nene mkono huo. Ya huyu bwana ilikuwa imelika kwenye vifundo vya vidole mpaka sponji ya ndani inaonekana. Aliivua, akafungua na kufunga vidole mara tatu nne, akaivaa tena, akarudi uwanjani. Haikuchukua hata dakika mbili. Mechi ni robo nne za dakika kumi na wachezaji wanaingia na kutoka bila mchezo kusimamishwa, kwa hiyo benchi nalo ni la kutazamwa. Kwenye televisheni hutaliona.

Jumamosi jioni ilitokea jambo ambalo bado tunalizungumza nyumbani. Wa jezi za buluu walikuwa nyuma kwa mabao mawili, zimebaki kama dakika nne. Kocha akamwita kipa. Kipa akatoka mbio na kofia yake na pedi zake zote, akaingia mchezaji wa kawaida, goli likabaki tupu. Ukumbini hii ni mbinu ya kawaida, lakini kuiona kwa karibu kunatia kiwewe: sita wanashambulia, na nyuma yao hakuna mtu. Wakafunga moja. Wakapata kona fupi, yaani adhabu dhidi ya wanaolinda. Mpira unatolewa kutoka kwenye mstari wa goli, mita 6 kutoka mlingoti, na mabeki wote wamepangwa nje ya mstari upande wa pili wa goli, wanasubiri kuchomoka. Walichomoka, beki mmoja akaunasa mpira na kuusukuma moja kwa moja hadi goli tupu la Buluu. Ukabingirika, ukabingirika, ukaingia. Wavu ukatikisika, nusu ya ukumbi ikasimama, mwanangu akaruka. Mwamuzi akatikisa kichwa. Hakuna mchezaji wa timu ya beki huyo aliyeugusa ndani ya D ya Buluu, kwa hiyo si goli, hata kama goli halina kipa.

Sheria hiyo naijua tangu shuleni. Lakini kwenye murram sikuwahi kuona ikiamua mechi. Buluu walisawazisha sekunde za mwisho, na mzee aliyekaa kando yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana siku nzima, akanishika bega.

Vilabu vya Ujerumani ndivyo vilivyobeba kombe hili mara nyingi zaidi, na haishangazi, kwa kuwa mchezo huu ulianzia kwao miaka ya 1950, kukimbia theluji. Waustria nao si wa kubezwa. Mwaka 2018 waliwafunga Wajerumani fainali ya Kombe la Dunia la ukumbini, Berlin kwao, na wachezaji wao ukiwaona unaelewa: gongo liko chini muda wote.

Sasa malalamiko. Chakula. Kibanda cha ukumbini kilikuwa na soseji za nguruwe, chipsi na keki, basi. Ukitoka nje kutafuta kingine hurudi bila kupanga foleni upya. Sisi tulikula chipsi siku nzima ya Ijumaa. Jumamosi nikapika mayai kwenye fleti tuliyokodi, nikafunga na mkate. Familia zisizokula nguruwe, bebeni chakula. Pia ratiba ukutani ilikuwa kwa Kijerumani pekee, nasi tuliokuwa tunakielewa tuliishia kuwa wakalimani wa safu nzima.

Nilimwaza sana mwalimu wangu wa michezo. Kenya ilikwenda Olimpiki ya magongo mara saba kati ya 1956 na 1988, ikamaliza ya sita Tokyo 1964, na Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne. Tangu 1988 hatujarudi, na sababu mojawapo inayotajwa kila mara ni viwanja: nyasi bandia ni ghali mno. Ukumbi wa shule wenye sakafu laini na mbao mbili ndefu si ghali hivyo. Kombe la Dunia la ukumbini lenyewe lilichezwa Pretoria Februari 2023, kwa hiyo Afrika si ngeni. Ningependa mtu wa chama cha magongo nyumbani akae siku moja tu kwenye safu ile ya pili.

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja imeliwa na soseji. Kwenye treni ya kurudi mwanangu alilala akiwa amevaa glavu yake ya kushoto, na nilipotaka kumvua akafunga ngumi.