"Where is…?" au "Could you tell me…?"

Anayeongoza wageni Fort Jesus au anayekaa mapokezi ya hoteli Nyali ana njia mbili za kuulizia habari kwa Kiingereza. Moja ni ya wazi: "Where is your luggage?" Nyingine huzunguka kidogo: "Could you tell me where your luggage is?"

Ya kwanza ni fupi, haina mtego, na kwenye msongamano wa feri ya Likoni nani ana muda wa zaidi ya hapo? Tatizo ni sauti. Ukiitamka kavu, mgeni atahisi kama anahojiwa na askari. Tanguliza "Excuse me", basi yaishe.

Ya pili ina heshima zaidi, hasa kwenye simu au kwa usiyemjua. Lakini ndipo wengi wanapoteleza. Kiswahili hakigusi mpangilio: mzigo uko wapi, waweza kuniambia mzigo uko wapi. Kiingereza husukuma "is" hadi mwisho, kwa hiyo "Could you tell me where is your luggage" si sanifu. "Does" nayo hutoweka: "What time does the train leave?" huwa "Do you know what time the train leaves?" Swali la ndiyo au la huongezewa "if".

Kwa dereva wa tuktuk ningechagua ya kwanza, na tabasamu. Mapokezini, ya pili, hata ikichukua muda kuizoea. Kwenye Google wala usihangaike na adabu. Maneno matatu yatosha.