Filamu yenye ubishi: umsikilize mhakiki au mtazamaji?

Kwenye vibanda vya video hapa Mtwara ubishi huu haukauki. Chukua Star Wars: The Last Jedi ya mwaka 2017: kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni kuhusu filamu, zaidi ya 90% ya wahakiki waliisifu, huku alama ya watazamaji ikiwa chini ya 50%.

Mhakiki huona filamu nyingi mno, hivyo huvutiwa na kinachovunja mazoea. Kwa ufundi namwamini yeye. Mtazamaji amelipa kiingilio na ana matarajio yake. Kwa burudani, yeye anashinda. Ila kura za mtandaoni huvuta zaidi wenye hasira au mapenzi makubwa.

Unatafuta filamu ya familia Jumapili pale Chikongola? Uliza majirani. Unajifunza kutengeneza filamu? Soma wahakiki, hata wanaokuudhi.